Tairi la Ndani Kwenye Barabara ya Modogashe

Mwezi wangu wa mwisho kazini tuliletewa gari jipya lenye taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, ile inayowaka tairi likipungukiwa na upepo. Nilifurahi kuliko aliyelinunua. Nilitoka nikapunguza upepo wa tairi la nyuma kusudi, nikazunguka na gari uwanjani mara mbili tatu, na taa ilipowaka nilipiga makofi peke yangu ndani ya gari, mzee mzima wa mvi. Wiki hiyo hiyo mmoja wenu, simtaji kwa sababu ana watoto wanaosoma, aliibandika plasta taa hiyo kwa kuwa ilikuwa inamsumbua macho.

Basi plasta hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Ninyi madereva wa idara mmeniomba niwaandikie kitu kabla sijaondoka Garissa, nami nitaandika habari za tairi. Vyeo sitaviandika, maana nilivyopata ni vichache, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Nataka mjue tulivyofanya kazi kabla ya taa hiyo kuwapo, na mjue jambo moja nililolifanya ambalo halimo katika faili lolote la ofisi.

Nilitoka Mwingi nikiwa na miaka ishirini na moja, leseni mpya mfukoni, na nikijiona dereva aliyeiva. Uhuru ulikuwa na umri wa mwaka mmoja, na vita vya kujitenga vilikuwa vimeshika kaskazini yote. Nyumbani walinililia utadhani nimekwisha kufa. Mimi nilikuwa na hamu ya malori tu. Idara ya barabara ilikuwa na malori sita makubwa, ya aina yenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma, moja la nje na moja la ndani, nami nilikuwa sijawahi kuligusa hata moja.

Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa spana yenye urefu wa mkono mzima akaniambia nitoe gurudumu la nyuma, kushoto. Kulikuwa na nati nane. Nilikaza misuli nikavuta, nati haikusogea. Nikapanda juu ya spana nikairukia kwa miguu miwili. Ilisikika sauti kali, na bolti ikakatika. Pembeni kulikuwa na mtu mrefu, mwembamba, amevaa kikoi na shati la kazi, ameketi juu ya pipa anakula tende. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo. Akaniambia kwa utulivu kwamba malori yale nati za kushoto hufunguka kinyume, na kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nazikaza.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Hukuuliza," alijibu. "Ulikuwa mtu anajua."

Huyo alikuwa Mzee Dahir, na kabla ya jua kutua fundi mkuu alikuwa ameniweka kwenye lori lake niwe dereva wa pili. Nilidhani ni adhabu ya bolti. Mzee Dahir alikuwa amezaliwa Garissa, akachunga ngamia hadi alipobalehe, kisha akaendesha malori ya wafanyabiashara miaka mingi, Wajir, Mandera, mpaka Banissa huko, kabla idara haijamwajiri. Umri wake ulikuwa kama miaka arobaini na mitano. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye haraka, na herufi p kwake ilikuwa b. Kuhusu tairi sijapata kumwona anayemkaribia, na nimeona mafundi wa kila namna.

Alikuwa na rungu dogo la mti mgumu, refu kiasi cha mkono, na kila asubuhi alizunguka lori akigonga matairi yote. Tairi lililojaa hulia kwa sauti nyembamba, na rungu hurudi mkononi lenyewe. Lililopungua hutoa sauti nzito na rungu hubaki pale pale. Tairi la ndani huwezi kuliona sawasawa, limefichwa na mwenzake, na mwenzake akiwa mzima humbeba bila kulalamika. Kwa hiyo la ndani aligonga mara mbili. Nilipomwonyesha kipimo cha upepo tulichopewa na idara alikichukua, akakitumia, akakubali kwamba kinasema kweli, lakini akasema kipimo hakiwezi kutumika gari likitembea.

Gari likitembea alitumia vitu vitatu. Cha kwanza ni mikono: usukani ukivuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka, tairi la mbele la upande huo linaomba msaada. Cha pili ni makalio, samahani wasomaji, lakini ndivyo ilivyo: lori likianza kuyumba nyuma kama linalocheza ngoma, tazama nyuma. Cha tatu ni pua. Mpira ukipata moto una harufu yake, na alinifundisha kuitofautisha na harufu ya breki na ya klachi. Kila tuliposimama alipitisha kiganja juu ya kila tairi. Lenye joto kuliko wenzake lina ugonjwa. Hakuna siku aliyokosa kufanya hivyo, hata alipokuwa na homa.

Ninyi mnaona mambo haya madogo. Mimi yalinipa raha ambayo siwezi kuieleza! Baada ya miezi miwili niliweza kukaa ndani ya lori nimefumba macho nikasema tairi la nyuma kulia limepungua, na tukishuka kupima naliona kweli limepungua. Nilitembea mjini Garissa najiona mganga.

Kubadilisha tairi alinifundisha kwa mpangilio ambao sikuruhusiwa kuuvunja. Kwanza mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, maana breki ya mkono ni ahadi tu. Kisha ubao mnene chini ya jeki, kwa sababu mchanga wa huku humeza jeki utadhani haikuwapo. Kisha unalegeza nati zote wakati gurudumu bado limekanyaga ardhi, ndipo unainua. Spea unailaza chini ya lori kabla hujavuta gurudumu bovu, ili jeki ikiteleza lori liangukie spea, lisikuangukie wewe. Wakati wa kujaza upepo hukai mbele ya ringi ya chuma inayoshika tairi, unakaa ubavuni, kwa sababu ringi ile ikiruka haichagui. Alinionyesha mtu mmoja sokoni mwenye kovu kutoka kidevuni mpaka sikioni, akaniambia niende nikamwulize. Sikwenda, kovu lilitosha.

Na nati za mwisho, hufungi kwa kufuata duara. Unafunga moja, unaruka kwenda ya ng'ambo yake, unarudi, unaruka tena. Ukifuata duara gurudumu hukaa upande, na baada ya maili ishirini nati huanza kulegea zenyewe. Jambo hili alilirudia mpaka nikaliota.

Sasa niwaeleze habari za laga, maana kosa langu lilizaliwa humo. Mnajua laga ni mkondo wa mto usio na maji, mchanga mtupu. Siku hizi mmejengewa saruji ya kupitia. Sisi tulishuka mchangani, na lori zito lenye matairi yaliyojaa huzama hadi ekseli. Dawa ilikuwa kupunguza upepo kabla ya kuingia, matairi yote sita, mpaka yanalala kidogo na kupata tumbo pana la kukanyagia mchanga. Ukivuka, lazima ujaze upya, kwa sababu tairi lililolala likipakiwa mzigo na kukimbizwa kwenye changarawe hujipika lenyewe. Pampu yetu ilikuwa ya mguu. Tairi moja lilitaka kukanyagwa mara mia mbili na zaidi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mzee Dahir aliuliza swali moja tu nikimaliza, kama tayari, nami nikijibu tayari alikwea usukani.

Vita vilipoingia mwaka wa tatu hakuna lori lililotembea peke yake. Tulikwenda kwa msafara, Landrova ya askari mbele, malori katikati, Landrova nyingine nyuma. Mabomu yalikuwa yakizikwa barabarani, kwa hiyo tulikanyaga alama za magurudumu ya gari la mbele na si penginepo. Vitabu vyenu vya leo vinawaambia tairi likiharibika muondoke barabarani, mwende pembeni kabisa mbali na magari mengine. Ni sahihi, fanyeni hivyo hivyo. Sisi tulikatazwa kutia hata mguu pembeni. Tena kulikuwa na amri kwamba msafara hausimami mahali penye vichaka vya karibu, kwa sababu yoyote. Dereva aliyesimama hapo alikuwa na maswali ya kujibu.

Kwa Mzee Dahir maswali hayo yalikuwa mazito zaidi. Alikuwa Msomali, na wakati ule mtu wa kabila lake akishukiwa alipelekwa kizuizini bila mtu kujua atarudi lini. Majirani zake wawili walikuwa wamekwenda hivyo. Hata kazini kulikuwa na watu waliopunguza sauti akipita, watu aliokuwa amewafundisha kufunga tairi. Yeye aliwaamkia wote kwa majina, akaenda kugonga matairi yake.

Siku yenyewe tulikuwa tunahamisha kambi ya barabara kutoka upande wa Modogashe kurudi Garissa. Lori letu lilijaa hadi juu: mapipa ya dizeli, mahema, sululu, mashine ya kuchanganyia saruji. Msafara uliongozwa na sajini mmoja wa bara, mtu mpana asiyecheka, na mkosi wetu ni kwamba wiki hiyo alikuwa amepoteza askari wawili. Ilitakiwa tuingie mjini kabla ya saa kumi na mbili, muda wa amri ya kutotembea.

Tulifika kwenye laga adhuhuri. Nilipunguza upepo, tukavuka vizuri, lori likinguruma na mimi nikishangilia dirishani kama nimeshinda mbio. Ng'ambo Mzee Dahir alishuka na kibuyu cha maji, akaenda kwenye kivuli cha lori, upande wa kulia nyuma, akachuchumaa kutawadha, kisha akaswali. Mimi nilianza pampu. Nilijaza mawili ya mbele. Nikajaza mawili ya nje ya nyuma, jasho linaingia machoni. Yakabaki mawili ya ndani, ambayo valvu zake unazifikia kwa kupenyeza mkono kati ya matairi yenye moto. Sajini akapiga honi. Akapiga tena. Niliyatazama yale ya nje, yamesimama imara, nikajiambia yatabeba mpaka mjini.

Mzee Dahir alikunja mkeka wake, akachukua rungu. Sajini akapiga honi ya tatu, ndefu. Ndipo mzee akaniuliza kama tayari.

Nilijibu, "Tayari."

Akaliweka rungu chini ya kiti bila kugonga hata tairi moja. Aliliamini neno langu.

Tulikimbia. Barabara ilikuwa changarawe tupu, na sajini alikuwa na haraka. Saa nzima niliimba, na ninakiri kwamba kwa muda nilisahau kabisa. Kisha nikaona Mzee Dahir ameacha kuzungumza. Aligeuza pua dirishani. Akahama kidogo kwenye kiti, akasikiliza mgongo wa lori. Mimi pia niliisikia sasa, harufu ya mpira. Tulikuwa tumeingia mahali penye vichaka pande zote mbili, vizito, vimeikaribia barabara.

"Hii inaungua," alisema. "Ndani, mkono ya kulia. Ikishika moto, na biba hizi za dizeli, tutakwisha sote."

Hakukanyaga breki. Aliondoa mguu polepole, akashika usukani kwa mikono miwili, akaliacha lori lijichokee lenyewe katika alama za Landrova mpaka likasimama. Msafara mzima ukasimama. Askari waliruka chini wakalala kifudifudi barabarani, bunduki zimeelekea vichakani. Vumbi lilipotulia hapakusikika kitu chochote.

Sajini alikuja mbio ameinama. Alizunguka lori. Matairi yote aliyoyaona yalikuwa yamesimama, hakuna pancha. Akamtoa Mzee Dahir ndani, akamkalisha chini katikati ya barabara juani, mikono kichwani, akamuuliza kwa nini amesimamisha watu arobaini mahali hasa ambapo amri inakataza. Mzee Dahir alisema tairi la ndani linaungua. Sajini akanigeukia akaniambia nifungue, upesi, na kama tairi hilo ni zima tutaongea lugha nyingine.

Wenzangu, sijawahi kubadilisha gurudumu kwa kasi ile tena maishani. Mawe, ubao, jeki. Ulikuwa upande wa kulia, nati zinafunguka kama kawaida, nikazilegeza nane bila kupumua, nikainua, nikatupa spea chini ya lori. Mikono yangu ilikuwa inajua kila kitu. Nitawaambia ukweli wa aibu: pamoja na hofu yote kulikuwa na furaha ndani yangu, furaha ya fundi anayeonekana na bunduki zote zile kwamba anaweza. Na kasi hiyo ilinipa sababu ya kutofungua mdomo.

Tairi la ndani lilitoka likifuka moshi. Ubavu wake ulikuwa umechubuka pande zote na upepo ulikuwa karibu wote umekwisha. Sajini aliligeuza kwa buti, akatafuta msumari, akatafuta mwiba, akakosa. Alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa tairi. Alisema tairi lisilo na tundu halipotezi upepo bila mkono wa mtu. Kisha akakumbuka. Alisema yeye mwenyewe, akiwa kwenye Landrova kule laga, alimwona dereva huyu amechuchumaa nyuma kulia, karibu na gurudumu hili hili, muda mrefu. Akamwambia askari mmoja alete kamba.

Mzee Dahir alilitazama lile tairi. Jicho lake lilipita ubavuni, likafika kwenye valvu iliyokuwa bado na vumbi la laga, haijaguswa na mpira wa pampu. Kisha alinitazama mimi. Alijua. Nilimwona akijua. Nikangoja anitaje, na sijui kama niliogopa au nilitamani. Alisema tu kwamba alikuwa anatawadha, kisha akatazama mbele.

Nami nikaendelea na kazi. Nilipenyeza spea ndani, nikarudisha la nje, nikashika nati. Niliwaza kwamba nikisema ni mimi, kamba ile itakuwa yangu, na kazi itakwisha, na nyumbani watasema tulikuambia. Niliwaza kwamba labda Garissa watamwuliza maswali mawili wamwachilie. Nilijua hawatamwachilia. Askari aliyeleta kamba alikuwa anaikunjua. Nikawa nafunga nati hovyo, moja baada ya jirani yake.

"Warya," Mzee Dahir aliniita, yaani wewe kijana kwa lugha yao, kutoka pale chini, mikono bado kichwani. "Usifuate duara. Ruka. Funga ile ya ng'ambo."

Niliruka, nikafunga ya ng'ambo. Nikazifunga zote nane kama alivyonifundisha, ya mwisho ikakaza. Nikasimama nikamwambia sajini kwamba hakuna aliyetoa upepo kwenye tairi lile, ni mimi sikulijaza.

Hakuniamini. Alisema ninamfunika rafiki yangu. Nikamweleza habari za laga, jinsi tunavyopunguza upepo, jinsi nilivyoruka matairi mawili ya ndani kwa sababu ya uvivu na honi. Aliposikia honi uso wake ulikunjamana zaidi. Ndipo nikapata akili, nikasahau hata kumwogopa. Nilimwambia nimesema mawili. La kushoto liko pale pale, hakuna aliyechuchumaa karibu nalo, twende tukaligonge.

Nilitoa rungu chini ya kiti nikampa yeye mwenyewe. Tulizunguka kwenda kushoto. Alipiga la nje, rungu likarudi. Alipenyeza akapiga la ndani, rungu likabaki. Akapiga tena. Nikapenyeza kipimo kwenye valvu nikakivuta, nikamwonyesha: nusu ya upepo unaotakiwa, kiasi kile kile tulichobakisha kwa ajili ya mchanga wa laga, na joto juu yake. Sajini alikitazama kipimo muda mrefu, akanitazama mimi, akageuka kumtazama mtu aliyekaa juani.

"Mwondoe pale," alimwambia askari wa kamba.

Aliandika jina langu katika daftari lake. Kisha aliniamuru nijaze lile la kushoto hapo hapo, askari wakihesabu kwa sauti, na kila nilipolegea walianza upya kutoka kumi iliyopita. Mia mbili na kumi! Vichaka vile kama vilikuwa na mtu ndani, nadhani aliduwaa akasahau kupiga risasi. Mzee Dahir alikung'uta vumbi kwenye kikoi, akapitisha kiganja juu ya matairi yote sita, akakwea. Baada ya maili chache alisimama mahali peupe, kwa ruhusa ya sajini, nikakaza tena nati za gurudumu jipya, kama inavyopasa. Tuliingia Garissa saa kumi na moja na nusu.

Fundi mkuu alipopata habari aliniondoa barabarani miezi mitatu, nikawa naziba tyubu garajini kuanzia asubuhi hadi jioni. Ilikuwa halali yangu, na leo ningesema hata ilikuwa shule. Lakini askari walikuwa wameieneza hadithi, na hadithi ilipofika mjini ilikuwa imenipendelea. Ilisema kijana wa Kikamba alisimama mbele ya bunduki akamtetea dereva wake. Sokoni watu nisiowajua walinipa mkono. Sitaficha, nilianza kuiamini.

Ijumaa iliyofuata Mzee Dahir alinialika kwake. Mkewe, tuliyemwita Mama Sahra kwa jina la binti yake wa kwanza, alitandika mkeka, akaleta chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Nilikaa nikijua nitashukuriwa. Alinishukuru kweli, kwa dua ndefu, akanitakia watoto na mvua. Kisha akaketi mbele yangu, birika mkononi, akaniuliza jambo ambalo sokoni hakuna aliyeniuliza.

"Huyu alikaa chini juani muda gani, kabla wewe kusema?"

"Kidogo tu, Mama," nilijibu.

Mzee Dahir alikuwa anapuliza chai yake. Hakuinua macho.

"Nati kumi na sita," alisema. "Nane kufungua, nane kufunga. Nilikuwa nahesabu."

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nilipata visingizio tu, na kila kimoja kilianza na honi ya sajini. Mama Sahra alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Kisha akaijaza bilauri yangu tena hadi ukingoni.

"Kunywa," alisema.

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto wa kuunguza ulimi, na sikuthubutu kulalamika.